Mpini wa Ufagio

Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi.
Asubuhi ile pale Isyonje Mnyamwezi hakuwepo,
nilikuwepo mimi, Msafwa wa Uporoto,
na lumbesa ya viazi imevimba kichwa
kama mtu aliyeumwa na nyuki.

Niliinama. Sikuchuchumaa, niliinama,
kama anayeokota shilingi.
Kitu kikasema tk chini ya kiuno,
kidogo tu, kama njiti ya kibiriti iliyolowa,
na Fuso ikaondoka na mzigo wa wenzangu
mimi nimelala kwenye nyasi za kufungia magunia
nikihesabu mawingu.

Wiki sita mke wangu alinifunga kamba za viatu.

Aliyenirudisha ni Tupokigwe,
mwenye jimu nyuma ya karakana ya kuchomelea, Mwanjelwa.
Ekseli ya gari bovu ndiyo chuma chake,
makopo ya rangi yaliyojaa zege ndiyo sahani,
kila kopo limepimwa kwenye mizani ya duka la mahindi,
uzito umeandikwa kwa chokaa.
"Hili ni kumi na mbili na robo," alisema, "siyo kumi na mbili.
Mgongo hausamehe robo."

Nilikwenda na kifua changu cha upagazi.
Akanipa mpini wa ufagio.
Vijana walicheka. Nami nilicheka, kwa hasira.
Wiki mbili, mpini wa ufagio.

Sukuma makalio nyuma, kama unafunga mlango wa banda
na mikono yote miwili imeshika ndoo.
Chuma kiguse ugoko; kikikaa mbali nawe
kitakuvuta kwenda kwake.
Bana kwapa, kama umeficha noti humo.
Pumzi ijae tumboni, siyo mabegani,
ishike hapo hapo
kama unayengoja ngumi ya mdogo wako.
Na kushusha, alisema, nako ni kubeba.
Usitupe. Hujamaliza mpaka sakafu iseme.

Akatazama raba zangu za mtumba, soli nene kama maandazi.
"Hizo ni za kukimbilia. Nani hujenga nyumba juu ya godoro?"
Nikavua. Sakafu ya Julai ikaning'ata nyayo,
baridi ya Loleza ikapanda hadi magotini.
Ndiyo maana kwanza kamba, kwanza kuruka, kwanza jasho.

Mkanda wa ngozi ulining'inia msumarini.
Niliutamani, nisiseme uongo.
"Huo ni ukuta," alisema. "Utautumia
siku utakapokuwa na tumbo la kusukumana nao."

Jioni moja Andengenye alipakia makopo bila vibanio.
Umeme unakatika saa moja, alisema, acheni nimalize.
Kopo la kushoto likateleza,
la kulia likaiburuta ekseli kama mbuzi aliyekata kamba,
kioo cha ukutani kikashuka chote.
Kidole kimoja tu ndicho kilichobaki kati ya zege na mguu wake.
Tupokigwe hakufoka.
Aliokota vibanio, akavifunga kwa mnyororo kwenye ekseli,
akaniomba mpini wangu,
akaurudishia kichwa cha ufagio
akafagia.

Leo niko Isyonje tena.
Dalali anapiga makofi: "Wewe si wa jimu? Beba basi!"
Nalizunguka gunia kama mnunuzi.
Nalitikisa, nalisukuma kwa goti. Hili limepita mia na thelathini.
"Ita mtu wa pili," nasema. "Au livue kilemba."

Anacheka, anawaita wengine waje kucheka.
Ukungu unashuka juu ya mashamba
nami nimesimama, miguu upana wa mabega,
sijabeba kitu,
mgongo umenyooka.