Amana ya Chupa

Bahari iko magharibi, mwendo wa basi moja la asubuhi,
lakini mto Kabini umeipa kisogo,
umeshika njia ya mashariki
kama mtu aliyemnunia shemeji.
Katikati ya safari unagawanyika, unachoka, unarudiana,
na hapo ulipogawanyika ndipo kilipo kisiwa,
ndipo kazini kwangu.

Mlangoni Sajeevan anakagua mikoba.
Kila chupa ya plastiki anaibandika karatasi ya kijani yenye namba,
anapokea rupia ishirini za amana,
anasema bila kuinua macho:
"Ukitoka nayo utarudishiwa."
Watu mia mbili na kumi kwa siku, hazidi hata mtoto mchanga.
Mimi napewa kumi na wawili, na fimbo.

Nawapakia kwenye chelezo cha mianzi.
Wanakaa wamekumbatia magoti, viatu mikononi,
maji yanachungulia kati ya mianzi, yanawalowesha makalio,
nao wanacheka kicheko cha watu waliolipia kuogopa.
Navuta kamba. Kamba hii inavijua viganja vyangu
kuliko mume wangu anavyovijua.

"Tembo wako wapi?"
Hata ardhi hawajaikanyaga.
Nawaonyesha kinyesi cha juzi,
kimeota vijiuyoga vyembamba kama sindano. Wanakipiga picha.
Nawaonyesha okidi juu ya tawi. Wanauliza habari za mtandao.
Ruba anapanda soksi ya mhasibu kutoka Bengaluru,
mwenyewe yuko anasifia utulivu.
Nina chumvi kwenye kitambaa. Nina chumvi daima.

Siwaambii kwamba mama yangu, Velichi,
alikuwa akivuka hapa bila tiketi,
maji kifuani, kikapu kichwani,
akifuata viazi vya porini na uyoga wa mvua ya kwanza;
kwamba mwaka kilipojengwa kibanda
kijana mwenye sare alimrudisha ukingoni, kwa adabu kabisa,
naye akaketi akaitazama ng'ambo
mpaka kikapu kikamkaukia mapajani.
Mwaka uliofuata wakaniajiri mimi.
Hayo hayamo katika maelezo niliyokaririshwa.
Yamo majina ya ndege.

Saa tisa na nusu tunahesabiwa.
Watu kumi na wawili. Chupa kumi na moja.
Namba mia mbili na saba haipo.
Tanmay, mwenye miaka sita, analia,
na si kwa ajili ya rupia ishirini.
Baba yake anasema, "Si kitu, mbaki nazo,"
anawasha gari.
Sajeevan ananitazama. Naujua mtazamo ule:
chupa ikilala kule, kesho iko tumboni mwa tembo.

Navuka peke yangu.

Wageni hupenda kusema kule kuna kimya.
Kimya huja nao, na huondoka nao.
Sasa kima wa kijivu wanashuka kuokota maganda,
wanagombana kwa majina,
mianzi inasuguana, inalia kama milango ya nyumba kubwa,
na harufu ya tembo, mbichi, ya leo hii,
ambayo mchana kutwa niliikataza pua yangu isiseme.
Nasimama. Nazunguka upande wa pili wa upepo.

Chupa iko kwenye mizizi, nusu maji,
chungu wamepanga mstari hadi kifunikoni.
Na hatua mbili pembeni, chini ya majani yaliyooza,
uyoga wa mvua ya kwanza,
mweupe, umepasua ardhi,
mwingi kuliko kikapu.

Sheria iko ubaoni kwa lugha tatu.
Nimeisoma kwa sauti kila asubuhi, miaka tisa.

Sajeevan alipokea chupa, akahesabu noti mbili za kumi
za mtoto aliyekwisha kuondoka,
akaziweka chini ya kikombe cha chai.
Kitambaa changu cha chumvi hakukikagua.

Usiku mama alikifungua, hakuuliza.
Alinusa tu, muda mrefu,
kisha akasema chumvi imezidi.