Usomaji wa Mwezi

Nimeanza Narung'ombe saa moja na nusu,
kabla makuli hawajaziba njia kwa marobota.
Daftari tuliliacha, sasa nina simu ya ofisi
yenye kioo kilichopasuka pembeni,
lakini goti ni lile lile
linalolia kila nikichuchumaa.

Zamani nyumba moja ilinila saa nzima.
Vyumba sita, ukumbi katikati, mita moja uani,
chini ya beseni la mtu, nyuma ya jiko la mtu,
na kabla sijafunua kifuniko
wameshaanza: nani ana mtoto wa nepi,
nani anaoga mara tatu kama bata,
nani kafua mapazia ya shemeji yake kwa maji ya wote.
Nilikuwa hakimu asiye na joho.
Nikitamka, "Uniti arobaini na mbili,"
wanaguna sita, kila mlango na mguno wake,
halafu mmoja ananisogezea kigoda
na chai ya mchaichai.

Leo ghorofa kumi na moja nimezimaliza kwa dakika nane.
Mita zote ziko chini, ndani ya kizimba cha nondo,
zimepangana kama viatu mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa.
Mlinzi kafungua kufuli, hakuniuliza jina.
Ya nne, vitenge. Ya tano, vitenge.
Ya saba hakuna anayejua wanauza nini,
ila maji wanatumia.
Hakuna aliyeguna.

Nje, kijana ananadi kiatu cha kushoto.
Cha kulia kipo, anasema, kinaletwa.
Amesimama palipokuwa baraza ya fundi Mloka:
baraza ikakatwa ikawa fremu,
fremu ikakatwa zikawa mbili,
na hiyo ya pili mwenye duka huingia ubavu.

Nyumba ya mwisho kwenye orodha yangu haipo.
Miaka minne ukuta wake ulisema
NYUMBA HII HAIUZWI.
Wa tano, chini yake, OGOPA MATAPELI,
mwandiko wa mtoto mwingine wa marehemu.
Wa sita ukuta ukanyamaza.
Yakaja mabati, na juu ya mabati picha
ya jumba la vioo, lenye miti
ambayo mtaa huu haujawahi kuwa nayo
na wapita njia wasiobeba kitu.

Nimebisha. Msimamizi kanivalisha kofia ya njano.
Nimevuka mbao, nimepita palipokuwa ukumbi,
mguu ukashuka wenyewe ngazi ya uani
ambayo haipo tena,
nikajikwaa kwenye tambarare.

Na mita ipo.
Wameizungushia matofali matatu,
mpira unatoka hapo hadi kwenye mtambo wa zege.
Kinyota chake chekundu kinazunguka
hata hakisomeki.
Tangu Aprili inakoroga saruji,
na kwenye simu jina la mteja halijabadilishwa:
SIKUDHANI PAZI.

Yuko Chanika siku hizi, kwa mwanawe wa mwisho,
ananunua maji kwa jirani, ndoo shilingi mia mbili.
Mwezi uliopita nilimpigia nikamweleza.
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.
"Basi na jumba lile ni langu," akasema.
"Nguzo zote zimekunywa kwangu."
Kisha akaniuliza kama ule mpapai wa chooni
walau walingoja uive.

Nimeandika tarakimu. Nimepiga picha, ndio utaratibu.
"Uniti mia tatu na kumi na tisa," nimesema kwa sauti,
mazoea hayo, nikangoja kidogo.
Mtambo unanguruma. Juu kule mtu anagonga nondo,
anagonga, anaacha, anagonga.

Nikaguna mimi, mara moja,
kwa niaba ya vyumba sita,
nikarudisha kifuniko.