Mguu wa Tano wa Ng'ombe

Sikwenda makumbushoni kutazama.
Niliitwa kubandika vigae vya choo cha wageni,
kile cha karibu na vibanda vya nyoka,
na saa saba, simenti ikiwa inashika,
nikaingia ukumbini kutafuta baridi
maana jua la Kisumu halina mpaka wa kazi.

Kumbe ukutani kuna kaburi.

Si lenyewe. Ni nakala, alisema Apondi wa tiketi,
zimechorwa upya, tofali kwa tofali, huko China:
chumba cha chini ya mchanga
cha mtu aliyezikwa miaka elfu moja na mia saba iliyopita.
Makaburi mimi nayajua.
Nimejenga arobaini na moja, kutoka Seme hadi Ahero,
simenti, kokoto, vigae vyeupe juu kama sahani,
jina, tarehe mbili,
na salio ambalo wenye msiba hulisahau wakishakula.

Nikasogea.
Kila tofali na shughuli yake.
Huyu anakanda unga, huyu anachuma majani,
huyu kamshika nguruwe masikio, na nguruwe anajua.
Mtoto anafukuza kuku kwenye nafaka:
mistari mitatu, mekundu kidogo, meusi kidogo, basi,
na kuku anakimbia kweli.
Hakuna malaika. Hakuna "Lala Salama".
Marehemu kachorewa Jumanne ya kawaida
ili aendelee nayo.

Halafu ng'ombe wawili na plau.
Nikacheka peke yangu, maana hiyo ni Nyakach,
na mkulima kainamisha bega la kushoto
kama mjomba Ogutu tangu alipoanguka paani.
Nikahesabu miguu. Nikahesabu tena.
Ng'ombe wa kulia anayo mitano.

Fundi alikosea.
Akaupaka chokaa mguu ule, akachora mwingine kando,
akaenda zake,
na wa kwanza, mvumilivu,
ukakaa humo gizani ukingoja hadi ukatokeza,
kama doa la moshi linavyotoboa rangi mpya.
Namjua fundi huyo. Najua alivyoutazama mlango,
mafuta ya taa yanakwisha, msimamizi anaita,
akajisemea: nani ataona?

Nani ataona.
Neno hilo likanikalisha sakafuni na suruali yangu ya simenti.
Maana alijua mlango utazibwa,
alijua jicho la mwisho kumwona yule kuku ni lake,
na bado akamvuta unyoya wa mkia,
mmoja, mwembamba,
uliopinda kwa upepo.

Mama yangu Dorina alisiriba nyumba kila Desemba,
udongo mwekundu wa mtoni, majivu, samadi,
akachora mawimbi kwa vidole vinne.
Mvua ya Aprili iliyafuta. Hakununa.
Lakini yeye walau tulimwona,
na wapita njia waliuliza, nyumba ya nani hiyo?

Sasa niseme ambalo sijamwambia mtu.
Mwaka wa mafuriko, kaburi la Konsolata muuza omena:
sakafu ya chini ilikuwa mbichi bado,
wenyewe wamekwenda kupokea jeneza.
Nikashuka na msumari wa inchi nne.
Nikamchorea jiko. Sufuria. Samaki watatu,
wa tatu mkia ukanitoka vibaya,
nikaulainisha kwa mwiko, nikachora mwingine.
Mwanawe alipochungulia nikasema napima.

Miaka tisa nimekionea haya kitendo hicho,
mtu mzima na ndevu zangu
kama niliyekutwa nikicheza kalongolongo.

Apondi akaniambia wanafunga.
Nikarudi chooni. Simenti ilikuwa imeshika.
Kilibaki kigae kimoja, cha nyuma ya bomba,
pale hata mwenye kuosha hapafikii.
Nikakichovya maji, nikakigeuza,
nikapapasa mfukoni kutafuta msumari.