Saa Tano na Dakika Kumi

Fomu ni ileile ya mwaka jana, ileile ya mwaka juzi:
vyuo vinne, visizidi,
na kisanduku kinachohesabu herufi kwa rangi nyekundu
kama mita ya teksi.
Eleza, inasema, ulichojifunza kwa kufanya kazi na watu.
Eleza kwa ufupi.

Nimeketi jikoni, Merthyr, mvua inakwangua dirisha,
shati la kazini bado mwilini, kitambulisho shingoni:
Eluned Probert, Msaidizi wa Mwanasaikolojia.
Msaidizi. Neno hilo nimelivaa miaka minne
hadi kamba yake imenitia alama.

Mara ya kwanza walinijibu kwa mistari miwili.
Mara ya pili niliitwa kwenye usaili, Cardiff:
watu watatu nyuma ya meza, jagi la maji,
mmoja akaniuliza, "Na wewe, unajitunzaje?"
Nikasema natembea milimani, naoka mikate.
Mikate sijawahi kuoka.
Majira yale nilikuwa nalala na viatu.
Wakaniweka kwenye orodha ya akiba, namba saba,
na kiangazi chote simu ililala kando yangu,
naiinamia usiku kama mtu anayesikiliza pumzi ya mgonjwa.
Hakuna aliyejitoa. Nani ajitoe?

Mama anasema mvumilivu hula mbivu.
Mama, tunda moja, midomo ishirini.

Basi naandika: *Nimekuza stadi za upimaji.*
Nafuta.
Naandika: *Bwana Idwal Pugh, miaka themanini na moja*
na hiyo naifuta haraka zaidi;
siri ya mgonjwa si pambo la fomu.
Lakini ni yeye. Kila nikiulizwa nilichojifunza,
anaingia yeye, na kofia yake mkononi.

Alhamisi nilimpa karatasi na penseli.
Chora uso wa saa. Weka namba zote.
Mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi.
Alichimba makaa miaka thelathini; vidole vyake
vina chembe za buluu chini ya ngozi, hazitoki.
Akachora duara safi, safi kuliko langu,
kisha akazisukuma namba zote upande wa kulia,
moja hadi kumi na mbili, zikabanana
kama wanaume ndani ya lifti ya mgodi,
na kushoto kukabaki kutupu, kweupe, kukubwa.
Akakutazama. Alijua kuna kitu; hakujua ni kitu gani.
"Hapa," akasema, akigusa ule weupe,
"hapa leo hakuna mtu wa zamu?"

Mwongozo una alama kwa hilo: moja kati ya tano.
Hauna alama kwa mkewe, Olwen,
aliyekuwa akikunja na kukunjua risiti ya maegesho,
wala kwa mimi, niliyenyamaza
nikijiambia kwamba kunyamaza ndiyo kazi,
nikihofu kwamba ni woga tu.

"Tafakari," ananishauri Gethin, aliyepata mwaka jana.
"Wanapenda utafakari, halafu ufike mahali."
Mimi sijafika mahali, Gethin.
Nimefika Alhamisi, nimekwama hapo,
na dirisha la maombi linafungwa kesho adhuhuri.

Naandika sentensi moja:
*Nimejifunza kukaa kando ya nafasi tupu bila kuijaza.*
Kisanduku kinanijibu papo hapo:
zimebaki herufi elfu moja mia tisa arobaini na nane.
Nacheka peke yangu, kwa sauti, mpaka paka anahama.

Nitaijaza, bila shaka. Ada ya nyumba haisubiri hekima.
Nitaandika stadi, nitaandika upimaji,
nitafika mahali.
Ila kwanza begi la kazini liko wazi mlangoni,
saa tatu asubuhi kuna mtu mwingine na karatasi nyeupe,
na penseli zote mbili zimevunjika ncha.
Natafuta kichongeo.