Mita Arobaini za Waya

Simu isiyo na waya
ilitufikia na mita arobaini za waya.
Baba alilicheka jambo hilo siku nzima, peke yake,
akiukunjua uani kama utumbo wa kondoo.

Fundi Anselmo alitoka Trelew na gari linalokohoa,
akapanda kinu cha upepo, antena mgongoni,
fimbo ya alumini ndefu kumshinda yeye mara mbili,
akaifunga chini kidogo ya mapanga.
Upepo wa Patagonia hauna adabu.
Ulimvua kofia; hatujaiona hadi leo.
"Kaza tena!" mama akafoka kutoka chini.
"Hapa kwetu hata msumari huomba ruhusa ya kubaki."

Kitako kilikaa jikoni, kando ya birika.
Mkono wake, mzito kama tofali,
ulikwenda malishoni na baba, ndani ya koti,
upande wa kwapa, maana betri huogopa baridi
kuliko mwana-kondoo wa usiku mmoja.

Wakapima masafa. Si kwa ramani, kwa sauti.
Mama jikoni akihesabu kwa Kiwelisi,
baba akitembea,
lango la kwanza, lango la pili, kisima kikavu,
akitembea,
na mama, mkaidi, chai ikimpoa,
alipofika elfu nne mia tatu na kumi na mbili
akamezwa na mvumo,
kama mtu aliyetiwa mchanga kinywani.
Pale pale baba akaweka jiwe.
Wiki iliyofuata akalipaka chokaa.
"Ng'ambo ya jiwe," mama akamwambia,
"wewe ni kapera. Usichelewe huko."

Kila adhuhuri alibonyeza kitufe cha kuitana:
Viazi vimeiva.
Na baba: Nakuja.
Maneno matatu, kilomita sita.
Miaka kumi na mmoja ya ndoa yao ilipita hewani hivyo.
Jirani yetu Nahuelquir,
aliyekuja Jumapili kumpigia mwanawe Comodoro,
aliapa kwamba redio yake kuukuu iliwahi kuwanasa,
viazi, na kuja,
katikati ya bei za sufu.

Mama alifariki Agosti. Theluji ilikuwa imeziba barabara,
na simu ile ile ndiyo iliyonipata mimi Buenos Aires,
nikiwa kwenye foleni ya benki, mwavuli mkononi.

Tangu hapo nikipiga, haitiki "halo."
Hutaja mahali tu, kama baharia:
"Lango la pili."
"Kisimani."
Nasikia mbwa, nasikia seng'enge ikilia kwa upepo,
kisha swali lake moja: huko kwenu mvua?
Siku nyingine simu huita, huita, huita,
nami najua amevuka jiwe.

Nilirudi Oktoba bila kuaga huku wala kubisha kule.
Lori la sufu lilinishusha njia panda.
Nyumba tupu. Nikavua viatu,
nikatafuta kisu, nikaanza kumenya,
kwa sababu mikono haijui kukaa.

Adhuhuri kitako kikalia.
Si mlio wa mjini, ule mrefu.
Ni ule mfupi, mara mbili mbili, wa ndani,
mlio wa mtu aliye malishoni anayeiita nyumba yake.

Nikatazama saa. Nikatazama kitako.
Kulikuwa na alama ya kidole kwenye vumbi la kila kitu
isipokuwa hapo; hapo hakuna aliyegusa tangu Agosti.
Kwa hiyo alikuwa akiita
jikoni pasipo mtu,
kila siku, akiisikiliza ikiita.

Nikainua.
Mvumo. Pumzi. Mbwa akabweka mara moja, akanyamaza.
Hakuuliza ni nani.
Nami sikujua niseme nini, nikasema lililokuwa mbele yangu:
"Viazi bado vigumu."

Upepo ukapita kati yetu, ukachukua muda wake.

"Basi," akasema baba,
"nitapitia kisimani kwanza."

Hakukata. Nikamsikia akija,
mvumo ukipungua, lango kwa lango.