Miraba Tisa

Umeme umekatika Uyole, mvua haijaamua kuacha.
Tumekaa stoo kwa kina Anyitike, juu ya magunia matupu,
mshumaa ndani ya kopo la rangi,
dadu ya nyuso ishirini imelala kwenye kifuniko cha ndoo.

Gwakisa ndiye msimulizi. Anagawa karatasi
alizozipiga mistari kwa rula, kila mtu miraba tisa.
Juu: mwema, vuguvugu, mwovu.
Ubavuni: mshika sheria, bendera fuata upepo, mvunja sheria.
"Weka alama moja. Moja tu.
Ndiyo roho yako mpaka tumalize."

Mimi sikupepesa: mwema, mshika sheria.
Shujaa wa ngao nyeupe. Jina: Mlinzi wa Mizani.
Anyitike akacheka, akatia msalaba kule chini, pembeni kabisa,
mraba usiomfaa hata mbwa.
"Mwovu, mvunja sheria. Mniogope."

Tukaingia pangoni.
Zimwi likaniuliza wenzangu wamejificha wapi,
nami, kwa kuwa sisemi uongo, nikaonyesha.
Wawili wakaliwa.
"Umebaki mrabani mwako," akasema Gwakisa.
Nikajisikia msafi.

Ndani zaidi Anyitike akakuta mtoto wa zimwi,
mguu umevunjika, ananyonya kidole.
Akarusha dadu amkate.
Ishirini.
Akaitazama. Akaigeuza kwa ncha ya kidole,
taratibu, kama ageuzavyo chapati asiichane,
ikasoma moja.
"Upanga umeteleza," akasema.

Nilitaka kubisha. Sheria ni sheria!
Lakini mkono nilioutoa kuionyesha dadu
ulikuwa na mchubuko wa kamba ya katani, bado mbichi,
wa Jumanne, Isyonje, nyuma ya Fuso,
nilipolishonea kofia gunia la viazi la bibi Tupokigwe:
ndoo mbili juu ya mdomo wa gunia,
lumbesa iliyonenepa kama mjamzito,
nikamlipa gunia moja.
Akazihesabu noti mara mbili, akaniombea safari njema.

Mkono nikaurudisha mfukoni.

Gwakisa akachukua kifutio amhamishe Anyitike mraba.
Akasugua, akasugua,
karatasi ikatoboka pale palipokuwa na msalaba.
"Basi kaa hapo kwenye tundu," akamwambia.
Kisha akanigeukia:
"Na wewe, Mlinzi wa Mizani, unabaki ulipo?"

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu.
Nikajifanya sijasikia.