Kabla Sijakupa Funguo

Njoo kwanza, Oresta. Begi liweke juu ya benchi,
si chini; sakafu hii hutoka jasho tangu Mei.
Funguo nitakupa, ila zina maneno yake,
na gari la Njombe halimngoji shangazi wa mtu.

Huu mkubwa ni wa mlango wa mbele.
Uinue mlango kidogo ndipo uzungushe,
bawaba ya chini imechoka kama goti langu.
Komeo ni la mkaratusi. Lipitishe kila usiku,
hata jirani akiwa na harusi,
hasa jirani akiwa na harusi:
mwizi naye hupenda ngoma.

Huu mdogo ni wa stoo.
Mle mna dawa ya ukungu wa viazi.
Ikae kwenye kopo lake lenye fuvu, juu kabisa.
Usiimimine kwenye chupa ya soda, hata kwa dakika moja.
Kiu ya mtoto haijui kusoma.
Ukitoka kupulizia, nguo zivulie nje, uoge,
ndipo umshike mtu.
Ndiyo, hata asubuhi maji yakiwa na ganda la barafu.

Maji ya tangi chemsha.
Yametoka mbinguni, sawa,
lakini yalipitia kwanza bati wanapotembea kunguru.

Septemba ikifika, panda ngazi,
toa majani ya msindano kwenye mifereji ya paa.
Baba yako mdogo Yeremia aliipanda karibu mno na jiko;
mti ni benki, alisema.
Benki ikiungua, karani utamtafuta wapi?
Hatua kumi kuizunguka nyumba, ardhi ibaki uchi.
Na mzee Tweve akichoma shamba lake, usimtukane.
Nenda na ndoo na tawi bichi,
simama naye mpaka majivu yapoe.

Chumba cha kati.
Nilitaka kukiruka.

Unaliona dirisha lile? Kioo kimoja hakipo.
Mafundi watatu wamekuja hapa na vipimo vyao,
nimewapa chai, nikawarudisha Tandala.
Juni ukungu utaingia hapo mpaka kitandani,
utanilaani.
Nilaani. Kioo usitie.

Mama yako alikwambia ni homa.
Tulikubaliana hivyo, mimi na yeye.
Ulikuwa na miezi minne, una kikohozi,
mmelazwa zahanati. Baridi ya usiku ule
iliunguza viazi vya bonde zima.
Baba yako akaingiza jiko la mkaa,
mkaa mwekundu, mzuri, usio na moshi hata chembe,
akafunga dirisha,
akaziba chini ya mlango kwa koti lake.
Mkaa haukohoi, mwanangu. Haunuki.
Hauamshi mtu.

Kioo nilikivunja mimi, alfajiri, kwa kiwiko hiki.
Jiko lilikuwa bado na joto.

Watu wakasema karogwa. Wakataja na jina,
na nyumba ya mwenye jina ikapigwa mawe
siku mbili, mimi nimekaa kimya na kiwiko changu
kwenye kitambaa, nami jiko nimeliona.
Hilo nalo ni la nyumba hii, lichukue pamoja na masufuria.

Basi. Mablanketi matatu yako sandukuni.
Kuna dumu la lita tatu: litie maji moto,
lifunge kwa kanga, lale miguuni.
Jiko lilale nje, hata ukiwa na mgeni,
hata mgeni akikuona bahili.
Kichwa kikikuuma ghafla ndani ya chumba chenye moto,
usitafute Panadoli. Toka. Fungua milango, ita watu.

Shika. Mmoja, wawili.
Huu wa tatu, sijui unafungua nini.
Nao niliukuta, nami niliambiwa nisiutupe.

Honi hiyo. Naenda.
Mlango uinue kidogo, nimekwambia,
kidogo tu. Eeh.